Mundu wa Kuazima

Aliuazima mundu wangu Jumatatu ya mvua,
Novemba, mwaka wa kumi na sita,
akaahidi kuurudisha Jumapili.
Nikamwambia chukua tu, mundu hauozi.

Tulimcheka, sikatai.
Everard Pell, mwalimu wa Kilatini,
kasimama na buti mpya kwenye matope ya Hatherwick,
anauliza: "Na hii mnaiitaje?"
Tukimtajia, analamba ncha ya penseli, anaandika.
Kuna siku Job Preece alimbunia majina matatu
ya magugu ambayo hakuna aliyewahi kuyapa jina.
Akayaandika. Akashukuru, kofia mkononi.
Leo watoto wa shule wanayataja majina hayo
kana kwamba yaliota pamoja na magugu yenyewe.

Nilimfundisha ua.
Huku kwetu ua haujengwi, unalazwa.
Unaushika mti wa miiba karibu na mzizi,
unakata, unakata,
mpaka umebaki ukanda wa gome tu,
mwembamba kama mshipi wa mtoto,
kisha unaulaza ubavu, polepole,
kama unavyomlaza mlevi usitake aamke.
Ukikata kidogo, hauinami.
Ukizidisha, umeua.
"Na utaishi hivyo?"
Utaishi kwa huo ukanda, nikamwambia. Ngoja Aprili.

Yadi ishirini, mpakani kwa Bi Maddox,
zote kombo, kama meno ya farasi mzee.
Nilitaka niende usiku nikazinyooshe.
Mke wangu akanishika koti:
mwachie mtu kazi yake.

Januari barua ya jeshi ikamkuta jikoni
anamenya viazi.
Winifred anasema alimaliza kwanza viazi.

Aprili akaniandikia kutoka Ufaransa.
Hakutaja mizinga, hakutaja maiti.
Alisema huko nako wamezungusha ua, wa waya,
una miiba kuliko wetu,
ila ameutazama miezi hii yote, hauchipui.
Halafu: "Na ule wangu?"
Halafu, chini kabisa, kwa herufi ndogo za aibu:
"Mundu wako uko nyuma ya mlango wa banda."

Ulikuwa msimu wa kondoo kuzaa.
Nalala nimesimama, mkono umezama hadi kiwiko
ndani ya kondoo wa watu,
na mimi na kalamu hatujawahi kuwa ndugu.
Nikasema kesho.
Kesho ina watoto wengi.
Siku ya kumi na nane nikachukua kadi,
nikaandika: Umechipua.
Nikaona haitoshi, nikaongeza: kombo, lakini umechipua.

Kadi ilirudi Mei, ina muhuri wa zambarau.
Winifred alikuwa ameshapata karatasi yake.

Sasa wanakuja watu kutoka London, na miavuli.
Wanataka kuoneshwa kilima, wanataka kujua
alipenda ndege gani.
Kanisani wamebandika shaba yenye neno "utukufu",
neno ambalo sikulisikia kinywani mwake hata mara moja,
na alikuwa mtu wa maneno mengi.
Mimi nawapeleka kwa Bi Maddox.
Wanautazama ua, wananitazama mimi,
mmoja anauliza kama mvua itanyesha.

Ua ukipita miaka kumi unataka kulazwa tena.
Mwaka huu sikuwa na kisingizio.
Nikabisha kwa Winifred, nikafungua banda,
nyuma ya mlango, palepale.
Alikuwa ameupaka mafuta.
Kwenye kipini amefunga karatasi kwa uzi:
"Wa Gwilliam. Urudishwe Jumapili."

Nimekata tangu asubuhi. Mkono unataka kunyoosha,
mkono wa miaka arobaini, una kiburi chake.
Naukataza.
Pale alipopinda, napinda.